Kuwamba Ndege kwa Kitambaa: Historia ya Ufundi na ya Waliojifunza

Ndege nyepesi ya kitambaa ina kiunzi, ambacho ni mifupa ya mbao au ya mabomba membamba ya chuma, na ina kitambaa kinachowambwa juu ya kiunzi hicho, kikakazwa, kikashonwa na kupakwa dawa mpaka kikawa na uso laini wa kupokea upepo. Nguvu inayoiinua ndege huanza kwenye kitambaa, nacho huifikisha kwenye mbavu, yaani vipande vyembamba vinavyolipa bawa umbo lake, kisha mbavu huikabidhi kwa boriti zinazopita kutoka shina la bawa hadi nchani. Kwa sababu hiyo kitambaa kilicholegea, kilichooza au kilichoshikizwa vibaya kinaidhoofisha ndege nzima hata kama kwa macho kinaonekana kizuri. Na kwa kuwa kitambaa huchakaa mapema kuliko kiunzi, kila ndege ya namna hii ikiishi muda wa kutosha hulazimika kuvuliwa na kuwambwa upya, pengine mara kadhaa. Wabunifu wa ndege ndio ambao majina yao yamejaa vitabuni, lakini maarifa ya kazi hii yalijengwa zaidi na washonaji, wapakaji na mafundi wa karakana, ambao wengi wao hawakuandikwa popote.

Orville na Wilbur Wright wa Dayton, Ohio, walikuwa watengenezaji wa baiskeli, na ushonaji wa ndege walijifunza kwa kulazimika. Septemba 1900 Wilbur alipofika Kitty Hawk, North Carolina, akiwa na vifaa vya ndege yao ya kwanza ya kubeba mtu, ambayo haikuwa na injini, boriti alizofanikiwa kununua njiani zilikuwa fupi kuliko alivyokusudia, hivyo satini ya pamba iliyokwisha kushonwa ikawa kubwa mno kwa kiunzi. Aliipunguza na kuishona upya kwa cherehani ya Addie Tate, mke wa William Tate aliyekuwa mwenyeji wake. Na majaribio ya mwaka huo yalipokwisha, ndege ikaachwa mchangani, Bibi Tate aliichukua satini hiyo akawashonea binti zake magauni. Ndege yenye injini iliyoruka tarehe 17 Desemba 1903 iliwambwa kwa pamba isiyopaushwa, kitambaa cha jamii ileile ambayo meli za bandari ya Salem, Marekani, zilikuwa zikiileta Zanzibar katika karne ya 19, kikauzwa hadi bara kwa jina la merikani. Ndugu hao hawakukipaka dawa yoyote, ila walikikata kwa mshazari, ili nyuzi zake zipite kwa pembe ya digrii 45 dhidi ya boriti na hivyo kitambaa chenyewe kisaidie kukaza kiunzi.

Ndege hiyo ya 1903 haivai tena kitambaa ilichoruka nacho. Iliwambwa upya mwaka 1927, chini ya usimamizi wa Orville mwenyewe, kabla ya kupelekwa kwenye Makumbusho ya Sayansi ya London mwaka uliofuata, na baada ya ndege kurejeshwa Marekani, wataalamu wa makumbusho ya Smithsonian waliiwamba tena mwaka 1985 mjini Washington. Hakuna udanganyifu katika jambo hilo, kwa kuwa ndege ya kitambaa haikutazamiwa kamwe kuzeeka na vazi moja, na walioshughulikia mabawa yake mwaka 1985 walikuwa wakiendeleza desturi iliyoanzishwa na wenye ndege wenyewe.

Kitambaa kitupu kina kasoro mbili kubwa: kinapitisha hewa, na kinalegea au kukaza kadiri unyevu unavyobadilika. Katika miaka iliyofuata 1903 waundaji wa Ulaya na Marekani walijaribu wanga, vanishi na vitambaa vilivyopakwa mpira, lakini suluhisho lililodumu lilitoka kwa wakemia. Selulosi, ambayo ndiyo dutu inayojenga kuta za chembe za mimea, ikichanganywa na asidi ya nitriki hugeuka kuwa nitrati ya selulosi, na nitrati hiyo ikiyeyushwa katika kimiminika kinachokauka haraka hupatikana dopu. Neno hilo humaanisha kipako ambacho hupenya kati ya nyuzi, huziba matundu na, muhimu kuliko yote, husinyaa kinapokauka, kikakivuta kitambaa mpaka kinalia kikigongwa kwa ncha ya kidole kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Tangu hapo fundi mzuri alijulikana kwa sikio na kwa kiganja sawasawa na jicho, kwa maana tabaka chache mno huacha kitambaa kikipwaya, na tabaka nyingi mno huweza kukivuta kitambaa kwa nguvu hata mbavu nyembamba za mbao zikapinda.

Nitrati ya selulosi, hata hivyo, ni ndugu wa karibu wa pamba ya baruti, na hushika moto kwa kasi ya kutisha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, viwanda vya Uingereza vilikuwa vikitumia pia dopu ya asetati ya selulosi, ambayo haiwaki kwa urahisi kama ile ya nitrati, lakini ili kuiyeyusha vilitumia kemikali iitwayo tetrakloroethani, na mvuke wake ukawa balaa jipya. Wafanyakazi wa vyumba vya kupakia dopu, wengi wao wanawake walioingia viwandani wakati wa vita, walianza kuugua ugonjwa wa manjano unaotokana na kuharibika kwa ini. Hendon, kaskazini ya London, ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza nchini humo ambako wagonjwa waligunduliwa, na baadhi yao walikufa. Vyumba hivyo vilifungwa madirisha kwa makusudi, kwa sababu dopu hukauka vizuri katika joto lisilobadilika na hewa kavu, na hivyo hali ileile iliyolifaa bawa ndiyo iliyomdhuru anayelipaka. Ilichukua takriban miaka miwili ya malalamiko, uchunguzi wa madaktari na shinikizo la wakaguzi wa viwanda kabla ya kemikali hiyo kuondolewa, mwaka 1916. Historia za vita vya angani zinazohesabu marubani waliouawa bila kuwataja wanawake hao zimeacha nje sehemu ya hesabu, kwa kuwa mabawa mengi yaliyoruka yalipita kwanza mikononi mwao.

Adui wa pili aligunduliwa katika miaka hiyohiyo. Mwanga wa jua una mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho halioni lakini ambayo huvunja nyuzi za kitani na pamba taratibu, hata kitambaa kinachoonekana kizima kikapasuka kwa shinikizo dogo. Watafiti wa kiwanda cha serikali cha Farnborough walibuni kipako cha rangi kilichoitwa PC10, chenye udongo wa chuma na masizi, ambacho kiliwekwa juu ya dopu ili kuzuia mwanga usifike kwenye nyuzi. Rangi ya kahawia iliyokolea kijani ambayo watu huihusisha na ndege za Uingereza za vita hivyo ilikuwa kwanza kinga ya kitambaa, na ikafaa vilevile kuificha ndege. Kwa nchi za jua kali kilitengenezwa kipako kingine, PC12, chenye wekundu zaidi. Miongoni mwa wakemia walioshughulikia vipako huko Farnborough alikuwa Francis William Aston, ambaye mwaka 1922 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya isotopu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa kitani cha Ireland, kilichofumwa kwa nyuzi za mmea wa kitani, na mahitaji yake yalikuwa makubwa ajabu, kwani Uingereza peke yake iliunda takriban ndege 55,000 wakati wa vita. Malighafi ya kutosha haikuwepo Ireland. Nyingine ilitoka Ubelgiji, ambayo ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na nyingine Urusi, ambako mapinduzi ya 1917 yalivuruga biashara. Marekani, iliyoingia vitani mwaka huo, iliona kwamba haiwezi kutegemea kitani, na ofisi yake ya taifa ya viwango ikafanya kazi ya kutafuta pamba inayoweza kushika nafasi hiyo. Matokeo yalikuwa pamba ya daraja la A, iliyosokotwa kwa nyuzi ndefu na kutiwa magadi makali ili ing'ae na kuimarika, yenye uwezo wa kuhimili mvuto wa ratili 80, yaani karibu kilo 36, kwa kila inchi moja ya upana kabla haijachanika. Kipimo hicho kikawa kanuni kwa miongo iliyofuata, pamoja na sharti kwamba kitambaa kikishuka chini ya ratili 56 kivuliwe. Wajerumani kwa upande wao walichapa mapema rangi za kujificha kwenye kitambaa chenyewe, kwa mapande ya pembe nyingi ya rangi mbalimbali, ili kupunguza uzito wa rangi na saa za wapakaji, na ndege maarufu ya Fokker D.VII iliwambwa kwa kitambaa hicho.

Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo ambako ndege za kitambaa na mbao zilikutana na tropiki. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji tangu mwishoni mwa 1914, na Waingereza walihitaji macho ya angani ili mizinga yao iweze kuilenga ng'ambo ya misitu ya mikoko. Rubani wa kiraia aitwaye Cutler aliiona meli hiyo Novemba 1914 akiwa katika ndege ya Curtiss ya kutua majini ambayo ilivuja na kuharibika mara kwa mara. Februari 1915 zililetwa ndege mbili za Sopwith kwenye kisiwa cha Niororo, lakini joto liliyeyusha gundi iliyoshikilia mbao zake, na katika hewa ile nyepesi ya moto hazikuweza kubeba mzigo wa maana. Kazi ilikamilishwa na Henri Farman, ndege yenye kiunzi cha chuma, na Caudron, zilizorushwa kutoka uwanja uliofyekwa kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold waliendelea kuwaelekeza wapiga mizinga hata baada ya injini yao kupigwa, wakashuka polepole hadi mtoni huku Königsberg ikiangamia. Waundaji wa Ulaya walikuwa wamefundishwa jambo ambalo fundi yeyote wa majahazi wa pwani angeweza kuwaambia, kwamba kilichounganishwa kwa hewa ya kaskazini si lazima kishikamane katika unyevu wa masika.

Namna ya kukishikiza kitambaa ilikuwa na mafunzo yake machungu. Mei 1918 marubani wa Marekani waliopewa ndege za Kifaransa za Nieuport 28 waligundua kwamba zikizamishwa kwa kasi kali kitambaa cha bawa la juu hubanduka kuanzia ukingo wa mbele. James Meissner na Eddie Rickenbacker wote wawili walipatwa na mkasa huo na kunusurika. Sababu ni kwamba sehemu ya juu ya bawa hainyonywi kwa nguvu sawa kila mahali, na karibu na ukingo wa mbele mvuto huo ni mkali mno, hivyo gundi na misumari midogo haitoshi. Dawa ya tatizo hilo ni mshono wa mbavu, ambao ndio moyo wa ufundi huu. Fundi hutumia sindano ndefu na uzi uliotiwa nta, akaupitisha kutoka juu ya bawa hadi chini na kuurudisha, akiuzungusha kila ubavu na kuufunga kwa fundo lisiloteleza, kila baada ya sentimita chache, na nafasi hizo hupunguzwa nyuma ya rafadha, yaani panga boi, ambako upepo hupiga kwa ukali zaidi. Juu ya mshono hubandikwa utepe wenye kingo zilizokatwa meno ili zisifumuke. Mwanafunzi anaweza kuelezwa hayo kwa dakika tano, lakini huhitaji mbavu kadhaa kabla fundo lake halijawa sawa na la kabla yake, na hapo ndipo penye thamani ya mwalimu anayesimama pembeni na kumfumulia.

Baada ya vita, ndege za kitambaa zikawa za raia. Gipsy Moth ya de Havilland, yenye mabawa ya mbao yaliyowambwa, ndiyo iliyoanza nayo Wilson Airways, kampuni ya usafiri wa anga ambayo Florence Kerr Wilson aliianzisha Nairobi mwaka 1929, na mafundi wa Kenya wakalazimika kujifunza kuzitunza chini ya jua la ikweta. Ulaya na Marekani wakati huo zilikuwa zimeanza kuhamia alumini, ingawa uhamiaji huo haukuwa wa ghafla kama inavyodhaniwa. Ndege ya kivita ya Uingereza, Hawker Hurricane, iliingia Vita vya Pili vya Dunia ikiwa na nyuma ya kiwiliwili iliyowambwa, na mwaka 1940 jambo hilo lilikuwa neema, kwani tundu la risasi liliweza kuzibwa uwanjani kwa kiraka na dopu. Spitfire, kinyume chake, ilikuwa na kitambaa kwenye vibawa vya kuilaza upande, na kwa kasi kubwa kitambaa hicho kilivimba na kufanya usukani kuwa mzito, hivyo vikabadilishwa kuwa vya alumini. Mhandisi Barnes Wallis alibuni kiunzi cha ndege ya kivita ya Wellington, cha aloi ya alumini iliyosukwa kama wavu na kuwambwa kwa kitani. Usiku wa tarehe 7 Julai 1941 Sajini James Ward wa New Zealand alitoka nje ya ndege ya aina hiyo ikiwa angani, akapasua kitambaa cha bawa kwa mikono na miguu ili apate pa kushikilia, akafika kwenye moto uliokuwa ukiwaka karibu na injini na kuuzuia. Alipewa nishani ya Victoria Cross, na hakuna bawa la bati ambalo lingemruhusu kufanya hivyo.

Marekani, kampuni ya Piper huko Lock Haven, Pennsylvania, iliunda karibu ndege 20,000 za J-3 Cub kati ya 1938 na 1947, zote za mabomba ya chuma na pamba. Vita vilipokwisha zikasambaa mashambani, na wenyewe wakagundua gharama ya pamba: ndege inayolala nje huhitaji kuwambwa upya baada ya miaka michache tu. Belford Maule, ambaye baadaye aliunda ndege zake mwenyewe, alitengeneza kipimo kidogo chenye springi ambacho mkaguzi hukikandamiza kwenye kitambaa ili kujua kama bado kina nguvu ya kutosha. Mabadiliko makubwa yalitoka kwenye poliesta, nyuzi za kiwandani zilizovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson. Kitambaa cha poliesta hakiozi kwa ukungu, na tofauti na pamba hukazwa kwa pasi ya moto: fundi huanza kwa joto la nyuzijoto 120 hivi na kumalizia kwa takriban 175, akipima pasi yake kwa kipimajoto kwanza, kwa sababu joto likizidi sana kitambaa hupoteza mvuto wake na hakirudi tena.

Aliyeifanya poliesta kuwa kazi ya kila mtu alikuwa Ray Stits wa Riverside, California, muundaji wa ndege ndogo ambaye alibuni mfululizo mzima wa gundi na vipako vinavyokubaliana na kitambaa hicho na haviwaki kwa urahisi kama dopu ya nitrati, akapata idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani kwa mfumo wake. Mfumo wa namna hiyo una sharti ambalo wanafunzi huliona gumu, kwamba dawa za mtengenezaji mmoja hazichanganywi na za mwingine, kwa maana idhini imetolewa kwa kifurushi chote. Stits ndiye pia aliyeanzisha tawi la kwanza la chama cha waundaji wa ndege binafsi, EAA, kilichoundwa na Paul Poberezny huko Wisconsin mwaka 1953. Chama hicho kilitenda jambo ambalo vyuo vingi vilikuwa vinaacha: kiliwafundisha watu wa kawaida, walimu, wakulima na wastaafu, kuwamba ndege kwa mikono yao katika madarasa ya siku mbili tatu, na mafundi wa zamani wakapata wa kuwaachia walichokijua.

Katika darasa kama hilo kazi huanza kwa kuvua. Kitambaa cha zamani hakichanwi ovyo, kwa sababu ndicho ramani ya alama za mishono, matundu ya kukagulia na vitundu vya kutoa maji. Huhifadhiwa mpaka kipya kimalizike. Kiunzi kikishakuwa uchi hukaguliwa kwa uangalifu, kutu katika mabomba, mbao zilizooza, gundi iliyoachia, kwa kuwa hiyo ni fursa ambayo haitarudi kwa miaka mingi. Kisha hufuata gundi ya kingo, pasi, kipako cha kwanza kinachopenya nyuzi, mshono wa mbavu, tepe, na mwisho tabaka za fedha zenye unga wa alumini ambazo huzuia urujuanimno, kabla ya rangi ya nje. Mwalimu huingiza taa ndani ya bawa na kuzima nyingine zote. Ikiwa mwanga unapenya, fedha haijatosha na upakaji huendelea.

Kipimo hicho cha taa kina uzito zaidi Afrika Mashariki, ambako jua ni kali, kuliko Wisconsin. Piper Super Cub, ndugu mkubwa wa J-3 aliyetokea 1949, imeruka katika mbuga za Kenya tangu enzi za David Sheldrick alipokuwa mhifadhi wa Tsavo Mashariki, na Shirika la Wanyamapori la Kenya linaendelea kutumia Super Cub pamoja na Husky, zote za mabomba ya chuma na kitambaa, kwa sababu zinaweza kuruka polepole na kutua kwenye vipande vifupi vya ardhi karibu na wawindaji haramu na wanyama waliojeruhiwa. Ndege hizo zitahitaji kuwambwa upya, tena mapema kuliko zinazokaa nchi za baridi. Vyuo vya ufundi wa ndege vya Nairobi, Dar es Salaam na Soroti vimpe kila mwanafunzi ubavu mmoja wa bawa kuukuu, kipande cha poliesta, pasi yenye kipimajoto, sindano na uzi wa nta, na vimwite fundi mzee wa eneo hilo awe mwalimu wakati bado yupo kazini.